Daftari la Mwanafunzi: Utunzi na Utafiti katika Lugha za Kikelti

Katika monasteri ya St. Paul im Lavanttal, kusini mwa Austria, limehifadhiwa daftari dogo lililoandikwa katika karne ya 9 na mtawa wa Kiayalandi aliyekuwa akisoma mbali na kwao. Ndani yake mna mambo ambayo mwanafunzi yeyote angeyatambua mara moja: noti za sarufi, orodha za maneno ya Kigiriki, tenzi za dini kwa Kilatini, maelezo kuhusu mashairi ya Vergilius na habari za nyota. Katikati ya noti hizo mtawa huyo, ambaye hakuacha jina lake, aliandika kwa lugha ya mama yake shairi la beti 8 zenye mistari minne minne, akijieleza yeye na paka wake mweupe aitwaye Pangur. Paka anawinda panya, naye mwenye paka anawinda maana ya maneno magumu. Kila mmoja amezama katika kazi yake, na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Ninaanza na daftari hilo kwa sababu linavunja dhana iliyozoeleka. Wanapotajwa wanafunzi wa lugha za Kikelti, wengi wetu hudhani kuna makundi mawili yasiyokutana: wanaotunga mashairi na hadithi upande mmoja, na wanaochambua miswada ya kale upande wa pili. Katika lugha kubwa mgawanyo huo hauna madhara, kwa kuwa shairi la mwanafunzi likishapewa alama na kusahaulika, lugha inabaki na maelfu ya vitabu vingine. Lugha za Kikelti hazina akiba hiyo. Wasemaji ni wachache, maandishi ya zamani yamebaki vipande vipande, na mara nyingi kile alichoandika mtu akiwa masomoni ndicho kilichokuja kuwa ushahidi wa lugha yenyewe.

Mfano ulio wazi ni Kiayalandi cha Kale. Tunakijua hasa kutokana na maelezo madogo madogo ambayo watawa waliyaandika pembeni na katikati ya mistari ya vitabu vya Kilatini walivyokuwa wakivisoma au kuvifundishia: nyaraka za Mtume Paulo zilizoko Würzburg, ufafanuzi wa Zaburi ulioko Milano, na sarufi ya Priscianus iliyoko St. Gallen. Mwalimu Mjerumani Johann Kaspar Zeuss aliyachambua maelezo hayo neno kwa neno, na mwaka 1853 akatoa kitabu chake, Grammatica Celtica, ambacho ndicho kilichoweka msingi wa taaluma hii. Katika ukingo wa sarufi ile ya St. Gallen umo pia ubeti mmoja wa mtu aliyekuwa akisikiliza upepo mkali wa usiku ukizitimua nywele nyeupe za bahari, akatulizwa na wazo kwamba usiku wa namna hiyo maharamia wa kaskazini hawawezi kuvuka. Mtafiti wa leo anayejifunza vitenzi vya Kiayalandi cha Kale anautumia ubeti huo kama data, na papo hapo anasoma shairi zuri.

Kabla ya kuendelea ni vizuri kuweka wazi lugha zenyewe ni zipi, kwa sababu jina "Kikelti" huleta mkanganyiko. Hakuna lugha moja inayoitwa hivyo. Zilizo hai ni sita, katika matawi mawili: tawi moja lina Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti na Kimanx cha kisiwa cha Man, tawi la pili lina Kiwelisi cha Wales, Kikorni cha Cornwall na Kibretoni cha Bretagne huko Ufaransa. Tofauti mojawapo ya matawi hayo inasikika hata na asiye mtaalamu, kwani penye sauti ya k upande mmoja, mara nyingi upande wa pili pana p. Kichwa ni ceann kwa Kiayalandi na pen kwa Kiwelisi. Nne ni ceathair na pedwar. "Nani" ni cé na pwy. Edward Lhuyd, mlinzi wa makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford, alisafiri miaka kadhaa katika nchi hizo akikusanya maneno, na kitabu alichokitoa mwaka 1707 ndicho kilichoonyesha kwa mpangilio kwamba lugha hizi ni za ukoo mmoja.

Kitu kinachowatesa wanafunzi wapya kuliko vyote ni kwamba mwanzo wa neno haukai mahali pamoja. Kwa Kiwelisi paka ni cath. Paka wangu ni fy nghath, paka wake akiwa wa mwanamume ni ei gath, na paka wake akiwa wa mwanamke ni ei chath. Neno ei halibadiliki hata kidogo. Ni ile herufi ya kwanza ya paka inayotuambia kama mwenye paka ni mume au mke. Anayelitafuta nghath katika kamusi halioni, kama vile mgeni wa Kiswahili anavyolitafuta neno "ndimi" bila kujua kwamba aende kwenye "ulimi", au "mbao" bila kujua habari za "ubao". Sisi tuliozaliwa na lugha ambayo kichwa cha neno hubadilika kila siku tuna sababu ya kulielewa jambo hili haraka kuliko Mwingereza, na nadhani mwanafunzi Mswahili angejikuta nyumbani katika darasa la Kiwelisi mapema kuliko anavyotarajia.

Sasa tuje kwa wanafunzi wa wakati ulio karibu nasi, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1935 serikali ya Ayalandi iliunda Tume ya Fasihi Simulizi, chini ya mkurugenzi Séamus Ó Duilearga. Tume ilikuwa na wakusanyaji wachache, huku wazee waliokuwa na masimulizi wakifariki kila mwezi. Suluhisho lililopatikana lilikuwa la ujasiri: kuanzia mwaka 1937 hadi 1939, wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi, wengi wao wa umri wa miaka 11 hadi 14, waliacha insha zao za kawaida wakawa watafiti. Walimu walipewa kijitabu cha mwongozo kilichoandaliwa na Seán Ó Súilleabháin, chenye mada na maswali. Mwalimu alitangaza mada, mtoto akaenda nyumbani kumuuliza babu, bibi au jirani, akaandika jibu katika daftari lake la mazoezi, mara nyingi pamoja na jina na umri wa msimulizi. Masimulizi yaliyochaguliwa yalinakiliwa kwa mwandiko safi katika kitabu kikubwa cha shule, kikapelekwa Dublin.

Walioshiriki walikuwa watoto wapatao 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000. Mkusanyiko wao, ambao sasa uko chuo kikuu cha University College Dublin pamoja na hazina nyingine za Tume, una kurasa zipatazo 740,000, zikiwemo karibu 288,000 za madaftari ya watoto wenyewe. Humo mna habari za Njaa Kuu ya miaka ya 1840 kama wazee walivyozisikia kwa wazazi wao, visima vitakatifu, tiba za chunjua, vitendawili, michezo na mashairi. Katika mada ya kusukasuka maziwa, watoto wa sehemu mbalimbali waliandika jambo lilelile: mtu akiingia nyumbani wakati siagi inatengenezwa, hana ruhusa ya kutazama tu, sharti ashike mpini asukesuke kidogo, la sivyo atahesabiwa kuwa amekuja kuondoka na baraka ya siagi. Mtaalamu kutoka mjini angeweza kukaa mwezi mzima kijijini asiione desturi hiyo, kwa kuwa yeye angekaribishwa kiti. Mtoto alikuwa akiutumia mpini huo mwenyewe.

Hata hivyo mkusanyiko huo hausomwi kwa kuuamini kila neno. Ulihusu kaunti 26 za dola ya Ayalandi pekee. Kaunti 6 za kaskazini hazimo. Mwalimu alisimama kati ya mtoto na karatasi, akasahihisha tahajia na pengine akapunguza maneno aliyoona hayafai. Sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya nyumbani kwa watoto wengi wakati ule. Jambo la mwisho huwakatisha tamaa baadhi ya wanafunzi wanaotaka Kiayalandi kitupu, lakini mimi naliona kuwa funzo kubwa: utamaduni ulikuwa umehama lugha, na watoto hao waliunasa ukiwa njiani. Ndiyo sababu mwanafunzi wa shahada ya juu anayeutumia leo huweka daftari la mtoto kando ya kitabu kikubwa cha shule, akatazama ni nini kilichoachwa wakati wa kunakili. Kurasa hizo zimewekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wamekuwa wakizichapa upya mstari kwa mstari ili zitafutike.

Wales walichukua njia nyingine, ya mashindano. Mwaka 1176 mtawala wa Kiwelisi, Rhys ap Gruffydd, aliwaalika washairi na wapiga ala katika ngome yake ya Cardigan, akawapa viti washindi, na tukio hilo huhesabiwa kuwa la kwanza linalojulikana la eisteddfod, yaani tamasha la mashindano ya ushairi na muziki. Neno lenyewe limetokana na kitenzi cha kukaa. Mwaka 1922 Ifan ab Owen Edwards alianzisha chama cha vijana cha Urdd Gobaith Cymru, akiwa na hofu kwamba watoto wanakulia katika michezo, vitabu na burudani za Kiingereza peke yake, na mwaka 1929 chama hicho kikafanya eisteddfod yake ya kwanza mjini Corwen. Hofu ile ilikuwa na historia nyuma yake. Katika karne ya 19, shule kadhaa za Wales zilimvika mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi kibao chenye herufi W.N., naye akakipeleka kwa mwenzake atakayemsikia akikosea vilevile, na aliyekutwa nacho jioni akachapwa. Msomaji aliyesoma Kenya katika shule ambazo lugha ya mama ilikatazwa kwa kupokezana kibao cha namna hiyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika eisteddfod ya vijana kuna kiti kwa mshairi na taji kwa mwandishi wa nathari. Kazi hupelekwa kwa jina la bandia. Siku ya kutunuku, mwamuzi anasimama jukwaani akasoma tathmini yake, akataja jina la bandia la mshindi, na hapo ndipo kijana mmoja ananyanyuka kutoka miongoni mwa watazamaji, hata waliokaa naye wakiwa hawakujua. Watu wa nje huvutiwa na kitendo hicho cha kunyanyuka. Mimi huvutiwa zaidi na ile tathmini. Eisteddfod ya Taifa hutoa kila mwaka kitabu chenye tungo zilizoshinda pamoja na maoni ya waamuzi, ambamo hata walioshindwa husoma udhaifu wao chini ya majina yao ya bandia. Hivyo kijana wa miaka 20 anaingia katika mjadala wa uhakiki kabla hajaandika tasnifu yoyote.

Ushairi wa kiti cha Eisteddfod ya Taifa una sheria kali ambazo mpenzi wa vina na mizani atazielewa. Sheria hizo zinaitwa cynghanedd, yaani upatano wa sauti, na ziko za aina nne. Katika aina moja, konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari lazima zirudi kwa mpangilio uleule katika nusu ya pili, huku irabu zinazobeba mkazo zikitofautiana. Kwa kuwa mfano wa Kiwelisi ungehitaji maelezo marefu, nimetunga mstari wa Kiswahili wa kuonyeshea tu: "Bahari kali, buhuri kule." Upande wa kwanza una b, h, r, k, l; upande wa pili nao una b, h, r, k, l; mkazo uko kwenye "ka" huku na "ku" kule. Sasa fikiria shairi refu ambalo kila mstari wake umefungwa hivyo, kwa vipimo vya mizani vilivyowekwa, na bado lizungumzie kifo cha baba au kufungwa kwa mgodi bila kusikika kama mchezo wa maneno. Englyn, ubeti mfupi unaopendwa zaidi, una mizani 30 tu: 10, kisha 6, kisha 7 na 7. Hakuna anayeweza kutunga hivyo bila kwanza kuwasoma washairi wa karne ya 14 na kujua sauti zipi zinahesabiwa na zipi zinasamehewa. Kujifunza kutunga huko ni utafiti wa fonolojia, yaani mfumo wa sauti za lugha, hata kama anayejifunza hakuiti kwa jina hilo.

Lakini kukaribiana huku kwa utunzi na utafiti kuna hatari, na Wales inaijua vizuri. Edward Williams, mwashi aliyejiita Iolo Morganwg, alizaliwa mwaka 1747, akawa mtu aliyezifahamu sana hati za kale za Kiwelisi, na pia mtunzi hodari mno. Mwaka 1789 mashairi ya Dafydd ap Gwilym, bingwa wa karne ya 14, yalipochapishwa, yaliongezewa nyongeza ya mashairi ambayo Iolo alidai kuyavumbua. Aliyatunga mwenyewe. Mwaka 1792 aliongoza kule Primrose Hill, London, mkutano wa Gorsedd, yaani baraza la washairi, akadai kuwa ni desturi ya tangu enzi za makuhani wa kale, nayo pia ilikuwa ya kubuni. Tangu mwaka 1819 sherehe za Gorsedd zikaingizwa katika eisteddfod, na zimo hadi leo. Ilibidi kungojea karne ya 20, G. J. Williams alipochapisha mwaka 1926 utafiti uliothibitisha kwamba mashairi yale ya nyongeza ni ya Iolo. Ni mashairi mazuri, na hilo ndilo linalouma: kama angeyatia jina lake, angeheshimiwa kama mshairi mkubwa, na vizazi vya wasomi visingejenga historia juu ya msingi usiokuwapo.

Hadithi nyingine aliyoipigia debe ni ya mwanamfalme Madoc, aliyesemekana kuvuka bahari akafika Marekani katika karne ya 12. Mwaka 1858, katika eisteddfod ya Llangollen, ilitolewa zawadi kwa insha bora juu ya safari hiyo. Thomas Stephens, mfamasia wa Merthyr Tydfil ambaye kitabu chake cha historia ya fasihi ya Kiwelisi kilitokana na insha ya eisteddfod, alipeleka kazi iliyoonyesha kwamba safari ile haina ushahidi. Akanyimwa zawadi, kwa hoja kwamba mada ilikuwa ugunduzi wa Marekani na Madoc, naye ameandika juu ya kutogunduliwa kwake. Ningependa kila mwanafunzi anayeanza utafiti wa utamaduni wake, awe Mwelisi au Mpemba, aisome habari ya Stephens, kwa sababu kuipenda lugha yako na kukataa kuidanganya vinaweza kukaa katika moyo mmoja.

Vyuo vikuu vimejenga taratibu za kulinda mpaka huo. Anayeandaa tasnifu juu ya shairi la kale hukusanya nakala zake zote, akazilinganisha, akaeleza kila neno alilolichagua na kila alilolikataa, kisha akatafsiri. Zamani alihitaji nauli ya kwenda Dublin, Oxford au Brussels. Siku hizi Taasisi ya Dublin ya Masomo ya Juu imeweka picha za miswada mingi kwenye intaneti, na kamusi kuu ya Kiayalandi cha Kale, iliyochapishwa vipande vipande kati ya mwaka 1913 na 1976, inasomeka bure kwenye kompyuta. Wanafunzi wenyewe huendesha majukwaa ya kujadiliana: huko Marekani, kongamano la Kikelti la Harvard limekuwa likiandaliwa na wanafunzi wa shahada za juu tangu mwaka 1980, na makala zake huchapishwa kila mwaka.

Penye wasemaji wachache zaidi ndipo utunzi na utafiti vinaposhindwa kabisa kutenganishwa. Kikorni kilikuwa kimekoma kuwa lugha ya jamii kufikia mwisho wa karne ya 18. Dolly Pentreath, anayetajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa wasemaji wake wa mwisho, alifariki mwaka 1777. Henry Jenner alipotoa kitabu chake cha kukifufua mwaka 1904, alitegemea zaidi Kikorni cha kipindi chake cha mwisho; waliomfuata, hasa Robert Morton Nance, ndio walioegemea tamthilia za dini za mwisho wa Zama za Kati. Mtu anayetaka kuandika hadithi fupi kwa Kikorni leo akikwama kwenye neno la hasira au la mapenzi, hana nyanya wa kumuuliza. Hurudi kwenye tamthilia zilezile, au hulinganisha na Kibretoni na Kiwelisi, kisha akaamua. Ndiyo maana mswada wa tamthilia ambayo haikuwa ikijulikana, inayohusu mtakatifu Ke, ulipofika Maktaba ya Taifa ya Wales mwaka 2000, waliofurahi hawakuwa wanahistoria tu. Watunzi nao walipata maneno mapya yenye umri wa miaka mia tano.

Kimanx kilikuwa na bahati zaidi kidogo. Mwaka 1947 kiongozi wa Ayalandi, Éamon de Valera, alitembelea kisiwa cha Man, na mwaka uliofuata Tume ileile iliyowatuma watoto kwa babu zao ikampeleka Caoimhín Ó Danachair na mashine ya kunasia sauti. Vijana wachache wa kisiwani, waliokuwa wakijifunza lugha hiyo wenyewe kwa kuwatembelea wazee vijijini, nao walirekodi walichoweza. Ned Maddrell, mzee wa mwisho aliyekulia katika Kimanx, alifariki tarehe 27 Desemba 1974. Kwa sauti zile na kwa vitabu vya dini, wanafunzi hao wakawa walimu, wakafundisha wengine, na mwaka 2001 ikafunguliwa shule ya msingi ya Bunscoill Ghaelgagh, ambayo masomo yake hufundishwa kwa Kimanx.

Mwaka 2009 UNESCO ilipotoa atlasi ya lugha zilizo hatarini, Kimanx kiliandikwa kuwa lugha iliyokufa. Watoto wa Bunscoill Ghaelgagh walikaa darasani wakaandika barua kwa Kimanx, wakauliza: ikiwa lugha yetu imekufa, barua hii tumeiandika kwa lugha gani? UNESCO ikakihamisha Kimanx, ikakiweka katika kundi la lugha zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka.